Mgonjwa Alikuwa Ndani

Nyumba ya Shomari ilikuwa Bunju, ndani kidogo kutoka barabara ya Bagamoyo. Ilikuwa nyumba ya udongo na makuti, yenye vyumba vitatu. Shomari alipasua mawe kwenye machimbo ya Boko. Alitoka alfajiri, akarudi jioni na vumbi jeupe hadi kwenye kope. Mkewe, Mwajabu, alilima mihogo, na mvua zikikubali alipanda mpunga bondeni. Walikuwa Wazaramo, wenyeji wa pale tangu babu zao, kabla watu wa mjini hawajaanza kuja na kamba za kupimia viwanja.

Mwaka 1994 binti yao, Rukaiya, alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa amemaliza darasa la saba, na alikuwa mwali.

Kwa Wazaramo, msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Zamani alikaa ndani hata miaka miwili. Wakati wa Rukaiya ilikuwa miezi michache tu. Mwali hatoki nje mchana. Haonwi na wanaume wala wageni. Anakaa chumbani, anasuka ukili wa mikeka, na somo yake, yaani mwanamke aliyechaguliwa kumfunda, huja kumfundisha mambo ya utu uzima. Siku ikifika hutolewa nje kwa ngoma, amepambwa, na majirani hula wali. Tena mwali hatajwitajwi ovyo. Mtu akiuliza, "Rukaiya yuko wapi?" anajibiwa, "Yupo." Basi, inaishia hapo.

Wapo wasomi wa mjini wanaoicheka mila hiyo. Wacheke. Mimi nataka kueleza habari ya wasomi wenyewe.

Rukaiya alipangiwa kutoka mwezi wa sita. Shomari alikuwa amenunua mbuzi. Mwajabu alikuwa ameweka doti mbili za khanga, hazijakatwa. Somo ya Rukaiya, Bi Mwamvua, alikuwa ameanza kuwaita wapiga ngoma.

Mwezi wa pili Rukaiya akaugua.

"Mama, nikienda haja ndogo naungua," alisema. "Na kiuno kinaniuma."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Nilidhani itaisha."

Usiku homa ilimpanda. Mwajabu alimchemshia mizizi siku mbili, lakini homa haikushuka. Siku ya tatu, Ijumaa, gari lenye kipaza sauti lilipita. Sauti ilisema kwamba kesho yake madaktari wa kanisa kutoka mjini watakuwa shuleni. Matibabu bure, dawa bure, watu wa dini zote wanakaribishwa.

Zahanati ya serikali ilikuwepo. Muuguzi wake alikuwa Margareta, mwenyeji wa Mahenge, ambaye alikuwa amekaa Bunju miaka kumi na miwili. Lakini dawa ziliendelea kuletwa boksi moja kwa mwezi, na watu waliongezeka kila mwezi. Ikifika tarehe kumi na tano, boksi lilikuwa na pamba na bandeji tu. Kwa hiyo mtu akisikia dawa bure, alikwenda.

Watu wa kanisa hawakumpitia Margareta. Walimwandikia barua mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti akawapa shule. Wao waliona inatosha. Jumamosi hiyo zahanati ilifungwa, na Margareta alikuwa Kawe kwenye msiba wa jirani yake tangu Ijumaa asubuhi, kabla gari la kipaza sauti halijapita. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna wageni.

Ijumaa jioni Shomari alisema, "Mpeleke mtoto kwa hao madaktari."

"Nimpeleke vipi?" Mwajabu alimjibu. "Mwali apite katikati ya watu? Avuliwe nguo na wanaume nisiowajua?"

Shomari alifikiri. Kisha akasema, "Basi nenda wewe. Waambie unaumwa wewe. Ugonjwa ni uleule, dawa ni ileile."

Neno hilo lilionekana la akili. Nyumba nyingi za Bunju zilikuwa zikifanya hivyo, wala hakuna aliyeliona kuwa uongo mkubwa. Ulikuwa uongo wa kumsitiri mtoto.

Jumamosi asubuhi uwanja wa shule ulijaa. Kwenye meza ya kwanza alikaa Sekela. Alikuwa Mnyakyusa, mshonaji wa Kinondoni, mwimbaji wa kwaya, mwenye miaka ishirini na minane. Alikuwa amesoma huduma ya kwanza kwa wiki mbili. Hakulipwa kitu. Siku hiyo aliacha cherehani yake na sare za watu ambazo hazijaisha, akaja kwa moyo wake. Alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo mapema, maana wema wake ndio unaoniuma katika habari hii.

Daktari wao aliitwa Ansbert. Kabla ya kuanza aliwaambia wanaojitolea, "Tuna watu zaidi ya mia tatu na siku moja tu. Sekela, wewe andika jina, umri, anaumwa nini, joto lake. Usianze mazungumzo."

Sekela alisimama juu ya benchi akawatangazia watu, "Dawa mtakazopewa mzimalize. Msiache katikati, hata mkijisikia vipi." Ndivyo alivyofundishwa. Kulikuwa na maneno mengine baada ya hayo, lakini foleni ilikuwa ndefu, akayaruka.

Zamu ya Mwajabu ilifika saa tano. Sekela hakumwamkia. Hakukuwa na nafasi.

"Jina?"

"Mwajabu."

"Umri?"

"Thelathini na sita."

"Unaumwa nini?"

Mwajabu alitazama chini. Nyuma yake walisimama watu themanini, na nusu yao walikuwa wanaume wanaomjua.

"Nikikojoa naungua," alisema kwa sauti ndogo. "Na kiuno. Na homa."

Sekela alimwekea kipimajoto kwapani. Alipokisoma alishangaa kidogo.

"Mbona homa huna, mama?"

"Huwaga inakuja usiku."

"Umeshawahi kunywa dawa ikakudhuru? Ukawashwa, au ukatoka malengelenge?"

"Mie? Hapana. Mie dawa zote zinanikubali."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Sekela akaandika: hakuna. Mwajabu aliinuka, akaelekea kwa daktari kwa hatua za mtu mzima wa afya, mwenye kiuno kisicho na shida yoyote. Sekela alimwona. Alitaka kumwita. Lakini mwingine alikuwa ameshakaa kitini, naye akaanza, "Jina?"

Daktari Ansbert alimbonyeza Mwajabu mgongoni. "Hapa panauma?"

"Panauma."

Mkojo hakumpima. Vikopo vilikuwa vimesahauliwa kwenye lori. Daktari aliandika, na dirishani Mwajabu akapewa vidonge vya salfa, viwili asubuhi, viwili jioni, siku tano. Vilikuwa vikubwa, vya njano, ndani ya mfuko wa nailoni.

Msomaji, nikurudishe nyuma miaka mitatu. Rukaiya alipokuwa darasa la tano aliwahi kupewa vidonge vya salfa pale zahanati. Alitokwa na madoa, na mdomo ukapata vidonda. Margareta alimwachisha siku hiyohiyo. Kwenye kadi yake aliandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: ASIPEWE SALFA. Akamwambia Mwajabu, "Kadi hii iende naye popote atakapotibiwa." Mwajabu aliitunza vizuri sandukuni, chini ya khanga.

Lakini Jumamosi ile Mwajabu hakwenda na kadi ya Rukaiya. Angekwendaje nayo, naye amesema anaumwa yeye? Jina la dawa hakulijua. Alijua tu kwamba vile vidonge vya zamani vilivyomdhuru mtoto vilikuwa vidogo na vyeupe. Hivi vilikuwa vya njano.

Rukaiya alimeza viwili Jumamosi jioni. Jumapili akameza vinne. Jumapili hiyohiyo jioni alisema, "Mama, macho yananiwasha."

Jumatatu midomo ilivimba. Madoa mekundu yalimtoka kifuani. Homa ilikuwa kali kuliko mwanzo. Mwajabu alishika kidonge mkononi akasita.

"Bi Mwamvua, mie naogopa," alimwambia somo.

Bi Mwamvua aliyatazama madoa. "Labda dawa inatoa ugonjwa nje. Wale wa mjini walisemaje?"

"Walisema tusiache katikati. Hata tukijisikia vipi."

"Basi mpe. Wao wamesoma."

Mwajabu akampa. Jioni akampa tena.

Jumanne alfajiri macho ya Rukaiya yalikuwa yamegandana, hayafunguki. Mwajabu alipomgusa bega, ngozi ilibaki kwenye vidole vyake. Alikimbia mpaka nyumbani kwa Margareta bila viatu.

"Nesi, njoo nyumbani," alisema. "Njoo tu. Usiniulize."

Margareta alikuja na khanga yake ya kulalia. Aliingia chumba cha mwali, na hakuna aliyemzuia, maana alikuwa mwanamke na alikuwa mtu wa pale. Hata Jumamosi angeingia vilevile. Alipomwona mtoto alikaa chini.

"Amemeza nini?"

Mwajabu alimpa mfuko wa nailoni. Margareta aligeuza kidonge kimoja, akasoma maandishi yake.

"Nani kampa salfa mtoto huyu?"

"Wamenipa mie," Mwajabu alisema. "Nilikwenda mie. Nilisema naumwa mie."

"Na kadi?"

"Sandukuni."

Margareta hakumgombeza. Alisema, "Tunakwenda mjini sasa hivi. Shomari akatafute gari."

Bi Mwamvua alisimama mlangoni. "Mwali hatoki, Nesi. Bado hajachezwa ngoma."

"Bi Mwamvua, tukingoja mwezi wa sita tutamtoa kwa jeneza."

Bi Mwamvua alimtazama mwanafunzi wake. Kisha alivua khanga yake mwenyewe ya juu, akamfunika nayo kichwa na uso, akamshika mkono. Hivyo ndivyo Rukaiya alivyotoka ndani. Hakukuwa na ngoma. Alipakiwa mbele kwenye lori la mawe la Boko, na vijana wa machimbo walisimama wakitazama.

Alilala hospitali kubwa ya mjini wiki tano. Ngozi ilipona, ikabaki na mabaka. Macho hayakupona. La kulia halioni kabisa. La kushoto linajua kama ni mchana au usiku. Daktari wa macho alimwambia Mwajabu kwamba angeletwa siku ile macho yalipoanza kuwasha, huenda yangeokolewa. Sijui kwa nini madaktari huwaambia akina mama maneno ya namna hiyo, lakini alimwambia.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, Jumapili moja, Margareta alivaa gauni lake la kanisani akaenda Kinondoni, kwenye kanisa la wale waliokuja. Alikaa benchi la nyuma. Katibu alisoma taarifa ya huduma ya Bunju. Watu mia tatu na kumi na wawili walitibiwa kwa siku moja. Waumini walipiga makofi, kwaya ikaimba.

Ibada ilipoisha alimfuata Daktari Ansbert uani.

"Daktari, katika hao mia tatu na kumi na wawili yumo mama anaitwa Mwajabu."

Ansbert alikuwa na daftari. Alipekua. "Yumo. Njia ya mkojo. Amepona?"

"Hakuwa mgonjwa," Margareta alisema, akamweleza yote.

Daktari alifunga daftari. Kisha akasema, "Basi alituongopea. Sisi tungejuaje?"

"Alisema uongo, ni kweli. Lakini mlimpa wapi nafasi ya kusema kweli? Mlimkalisha mbele ya watu themanini mkamuuliza habari za mkojo. Mwali hatajwi mahali kama pale. Mngenipitia mie ningewaambia. Mngemuuliza mtoto yeyote wa Bunju angewaambia."

"Nia yetu ilikuwa njema, Sista."

"Nia yenu naijua. Sikuja kwa sababu ya nia."

Sekela alikuwa karibu, anakunja majoho ya kwaya. Aliliacha joho likaanguka.

"Mama huyo nilimwandika mimi," alisema. "Nilimpima joto. Hakuwa na homa. Niliona, nikanyamaza."

Wiki iliyofuata Sekela alikwenda Bunju peke yake. Alimkuta Mwajabu uani anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

Sekela alikaa kwenye kinu kilicholazwa. Alieleza yeye ni nani. "Nimekuja kukupa pole," alisema.

"Pole tumepewa nyingi. Ya kwako niiweke wapi?"

"Mama, mimi niliona huna homa. Nikaacha kuuliza."

Kisu cha Mwajabu kilisimama. "Uliona?"

"Niliona."

"Haya. Na mie niliona mtoto kavimba midomo, nikampa kidonge kingine. Wewe ulisema tusiache, hata tukijisikia vipi. Nilikuamini wewe kuliko macho yangu."

Sekela alianza kulia. Mwajabu alimwacha alie. Mwenyewe alikuwa amemaliza kulia hospitali.

"Msamaha kamwombe mwenyewe," Mwajabu alisema mwishoni. "Yumo ndani. Wewe ingia tu. Siku hizi kila mtu anaingia."

Rukaiya alikuwa ameketi mkekani, ameegemea ukuta.

"Nani?" aliuliza.

"Naitwa Sekela. Nilikuwa meza ya kuandika, siku ile ya dawa."

"Uliandika jina langu?"

"Hapana. Niliandika la mama yako."

"Basi mie sikuwemo," Rukaiya alisema.

Jioni Sekela alikaa na Margareta kwenye benchi la zahanati.

"Nadhani tusije tena," Sekela alisema.

"Kwa nini msije? Boksi langu bado linaisha tarehe kumi na tano. Njooni. Ila mgeni hupiga hodi, dada. Nyie mlikuja na kipaza sauti."

"Tufanyeje?"

"Kwanza mje kwangu, mie niwapeleke kwa wazee na kwa akina somo wa mabinti walio ndani. Nyumba hizi zina watu ambao hawaji kwenye foleni hata mngoje mwezi. Mwali haji. Mzazi ambaye hajatimiza arobaini haji. Mjane aliye edani haji. Asiyeweza kuinuka haji. Sasa hao wote watatuma mtu. Aliyetumwa usimgombeze, kaletwa na shida. Mpeleke pembeni, umuulize kwa upole: dawa hii ni yako, au ni ya mtu wa nyumbani?"

"Akisema ya mtu wa nyumbani?"

"Humpi. Lakini humfukuzi. Unamwambia, twende kwake. Aende muuguzi mwanamke, ampime mgonjwa mwenyewe, aisome kadi yake, amuulize yeye mwenyewe ni dawa gani iliwahi kumdhuru. Dawa inaufuata mwili, dada. Mama na mtoto ni miili miwili, hata ugonjwa wao ukiwa mmoja."

Sekela alitoa kalamu akaandika kwenye kiganja, maana hakuwa na karatasi.

"Na lile neno la kutoacha dawa?" aliuliza.

"Ni neno zuri. Ila mlilikata mkia. Maliza dawa, ndiyo. Lakini ukiona madoa, vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi inababuka, usimeze tena hata kimoja. Chukua vidonge vilivyobaki uje hospitali siku hiyohiyo. Usingoje asubuhi."

"Nilifundishwa hayo. Niliyaruka kwa sababu ya foleni."

"Najua," Margareta alisema.

Mwezi wa kumi na moja watu wa kanisa walirudi. Daktari Ansbert alikubali masharti ya Margareta shingo upande. Safari hii walikuja siku tatu kabla, wakaketi na wazee, na Bi Mwamvua akawasema mbele ya watu mpaka wakainamisha vichwa. Walitenga siku mbili badala ya moja. Meza ya wanawake iliwekwa ndani ya darasa, na kulikuwa na pazia. Walitibu watu tisini na wanne tu. Katibu hakuifurahia hesabu hiyo, na taarifa yake ilisomwa bila makofi.

Margareta alimwomba Mwajabu atembee nao majumbani, maana hakuna mlango wa Bunju uliomfungia. Mwajabu alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema, "Nitakwenda. Ila siendi kwa ajili yao."

Siku ya pili mwanamke mmoja mzee alikuja kwa Sekela kuomba vidonge vya kichwa. Sekela alimwamkia. Akampeleka nyuma ya pazia.

"Mama, dawa hii ni yako, au ni ya mtu wa nyumbani?"

Yule mama alitazama chini, na Sekela aliujua mtazamo ule. Alingoja. Foleni ilinung'unika, akaiacha inung'unike.

"Ya mkwe wangu," mama alisema. "Nusaiba. Ana siku kumi na moja tangu ajifungue. Kichwa kinampasuka. Anasema anaona ukungu."

"Twende kwake."

"Mzazi hatoki, wala hatazamwi na wageni. Nipe vidonge tu."

Mwajabu alikuwa amekaa kwenye dawati nyuma yao. Alisema maneno mawili tu. "Mie nilingoja."

Yule mama alimgeukia. Bunju nzima ilijua nyumba ya Mwajabu ina nini. Mama huyo aliinuka, akawaongoza njia.

Waliingia Margareta, Mwajabu na Sekela, wote wanawake. Miguu ya Nusaiba ilikuwa imevimba. Margareta alimpima presha, akapima mara ya pili, kisha akasema mzazi huyu anaweza kushikwa na kifafa cha uzazi saa yoyote, akafa na kumwacha mtoto. Vidonge vya kichwa visingemsaidia. Vingewafanya walale, wakiamini wametibu. Lori la kanisa lilimpeleka hospitali mchana huohuo, yeye na mtoto, na mama mkwe akikaa mbele.

Nusaiba alipona. Alirudi baada ya siku tisa. Siku ya arobaini walimnyoa mtoto nywele, wakapika wali, na vigelegele vikasikika mpaka barabarani. Tangu mwaka ule, Bunju haina mtu anayesema tena "ugonjwa ni uleule, dawa ni ileile." Mwali akiugua, Bi Mwamvua mwenyewe ndiye anayekwenda kumwita Margareta, na Margareta huja hadi chumbani. Hakuna mila iliyovunjika. Ilikuwa rahisi hivyo tangu mwanzo.

Mwajabu alikwenda kwenye arobaini ile. Alimtunza Nusaiba khanga, doti moja ya zile mbili alizokuwa amemwekea Rukaiya. Alipiga vigelegele pamoja na wenzake. Alirudi magharibi, akamkuta Rukaiya amekaa mahali pake.

"Mtoto wa Nusaiba yukoje?" Rukaiya aliuliza.

"Mnene. Kalia sana aliponyolewa."

"Na Nusaiba?"

"Mzima. Anacheka."

"Walijuaje kama anaumwa, naye yuko ndani?"

"Yule dada wa kanisa alimuuliza mama mkwe. Alimuuliza dawa ni ya nani."

Rukaiya aligeuza uso kumwelekea.

"Kumbe wanajua kuuliza," alisema.

"Wamejifunza, mwanangu."

"Kwa nani?"

Mwajabu alikaa mkekani karibu naye. "Kwako," alisema.

"Mie sijawafundisha kitu, mama," Rukaiya alisema. "Mie nilikuwa ndani."